Sukari 16 baada ya chai, 3.1 saa sita mchana: Mixtard inafanya nini hapo katikati

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Muheza, nina miaka 34 na nina kisukari cha aina ya kwanza. Natumia insulini ya Mixtard 30/70, uniti 22 asubuhi na 14 jioni. Nikiamka sukari huwa 6 au 7 (mmol/L). Saa kumi na mbili na nusu najichoma, papo hapo nakunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili, naondoka. Nikipima saa mbili na nusu nakuta 15 au 16. Ikifika saa sita natetemeka, jasho linanitoka, nikipima ni 3.1 au 3.4. Nakunywa soda, nakula chakula cha mchana, halafu saa tisa imefika 17. Jirani yangu mwenye kisukari ananiambia niongeze dozi. Shemeji yangu anasema niache wanga kabisa. Nimsikilize nani?

JIBU: Mwalimu, kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Dozi yako ya asubuhi, kwa namba ulizotuma, inakaribia kutosha chai yako. Shida ni kwamba chakula kinawahi kwenye damu na insulini inachelewa, na insulini inapopamba moto chakula kimeshakwisha. Hapo katikati ndipo zinapotoka 16 na 3.1, zote mbili kutoka kwenye sindano ileile moja.

Kichupa cha Mixtard 30/70 kina insulini mbili ndani yake. Asilimia 30 ni ile nyepesi, angavu kama maji, sawa na ile inayouzwa peke yake kwa jina la Actrapid. Asilimia 70 ni ile yenye ukungu mweupe, NPH, sawa na Insulatard. Ukivuta uniti 22 unakuwa umevuta kama uniti 6.6 za ile angavu na 15.4 za ile ya ukungu. Ile angavu huanza kazi kama nusu saa baada ya kuchomwa, huwa na nguvu zaidi kuanzia masaa mawili hadi manne, na humalizika baada ya masaa sita hadi manane. Ile ya ukungu huanza polepole, kama saa moja na nusu baadaye, nguvu yake kubwa iko kati ya masaa manne na manane baada ya sindano, kisha hufifia hadi jioni.

Sasa weka hayo juu ya ratiba yako. Sukari ya kwenye chai huingia kwenye damu ndani ya robo saa. Chapati ya unga mweupe nayo haichelewi: ndani ya saa moja hadi moja na nusu imeshapandisha sukari ilikotaka kwenda. Wakati huo insulini yako angavu ndiyo kwanza inajikusanya. Ndiyo maana saa mbili na nusu unakuta 15. Kuanzia saa nne na nusu ile NPH inaingia kwenye kilele chake na itakaa hapo hadi saa nane na nusu, wewe uko darasani na tumboni hamna kitu tangu alfajiri. Saa sita iko katikati kabisa ya kipindi hicho.

Hesabu ya wanga inathibitisha. Chapati moja ya kawaida ya nyumbani ina wanga wa gramu 35 hivi, mbili ni 70. Vijiko vitatu vya chai vya sukari ni kama 12. Jumla 82. Kwa insulini ile angavu kuna kanuni ya kukadiria inayotumika kliniki: gawanya 450 kwa jumla ya uniti zako za siku nzima. Zako ni 36, kwa hiyo 450 ÷ 36 ni 12.5, yaani uniti moja inabeba gramu 12.5 za wanga. Uniti 6.6 zinabeba gramu 82 na kidogo. Ni makadirio tu, mtu na mwili wake, lakini hayaonyeshi mtu mwenye dozi ndogo.

Ndiyo sababu ushauri wa jirani una hatari. Ukiongeza uniti 4 za Mixtard ili kuishusha ile 16, ni uniti 1.2 tu zitakazoisaidia chai. Nyingine 2.8 zitakungoja saa sita, na ile 3.1 itageuka 2 na kitu mbele ya wanafunzi. Wa shemeji una hatari ya upande wa pili: kwenye Mixtard insulini imeshaingia mwilini na hairudi, kwa hiyo ukila mayai matupu asubuhi uniti 6.6 zitakosa cha kufanyia kazi. Wanga unaweza kupunguzwa, lakini dozi inapunguzwa siku hiyohiyo, tena pamoja na daktari.

Anza na saa ya sindano. Amka, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe (tone la juisi ya embe kwenye kidole linatosha kuidanganya glukomita, mashine ya kupimia sukari), pima, jichome saa kumi na mbili kamili, ndipo uoge na kuvaa. Saa kumi na mbili na nusu kaa mezani. Hizo dakika 30 ndizo zinazoipa insulini angavu nafasi ya kukutana na chakula mlangoni. Ukikuta sukari ya asubuhi ni kati ya 4 na 5, fupisha kusubiri kuwe dakika 10 au 15. Ukikuta chini ya 4, kwanza ipandishe kwa sukari kama nitakavyoeleza chini, ifike juu ya 4, kisha jichome na ule palepale. Na usijichome kabla hujaona kwa macho yako kwamba chakula kipo na kimeiva. Mkaa uliogoma kuwaka baada ya sindano kuchomwa umeshaangusha watu wengi.

Jambo linalosahaulika: ukiitanguliza sindano kwa nusu saa, kilele cha NPH nacho kinatangulia nusu saa. Ukibadilisha saa peke yake, zile 16 zitapungua lakini kutetemeka kutahamia saa tano na nusu. Kwa hiyo chakula nacho kigawanywe siku hiyohiyo.

Jumla ya wanga ibaki karibu gramu 80, ila isiingie yote kwa mkupuo. Asubuhi kula chapati moja (35) na maharage yaliyochemshwa nusu kikombe (kama 20), na chai ya rangi au ya maziwa kidogo bila sukari. Saa nne, wakati wa mapumziko, kula ndizi mbivu moja ya wastani, ambayo ni gramu 25 hivi. Maharage huachia wanga wake taratibu kuliko chapati, na ndizi inaingia mwilini wakati NPH inapanda. Kama unapenda yai, liongeze. Halina wanga wa kuhesabu. Kula maharage na yai kwanza, chapati mwishoni: mpangilio huo peke yake hupunguza ukali wa kupanda, na haugharimu kitu. Kama shule iko umbali wa dakika 15 kwa miguu, nenda kwa miguu mara baada ya chai, kwa sababu misuli inayotembea hutumia sukari hata kabla insulini haijakolea.

Uji ni mtego. Watu huuona laini wakadhani ni mwepesi, kumbe gramu 30 za unga zilizopikwa kwenye kikombe kikubwa zina wanga wa gramu 22 au zaidi hata kabla ya sukari, na kwa kuwa unanywewa, hushuka haraka kuliko ugali. Mwenye kuupenda aunywe baada ya kula kitu kigumu.

Chakula cha mchana kisivuke saa saba. NPH ya asubuhi ndiyo inayokishughulikia, kwa hiyo lazima kiwe na wanga na kiwe na kipimo kinachofanana siku hadi siku. Ugali mgumu una wanga wa gramu 28 hadi 30 katika kila gramu 100, wali uliopikwa kama 28, ndizi za kupika zilizochemshwa karibu 30, muhogo wa kuchemsha 35 na zaidi, viazi vitamu kama 20. Azima mizani ya duka mara moja tu, pima ugali wako wa kawaida, ukariri ukubwa wake kwa ngumi. Wenye kujua ngumi yao hawahitaji mizani tena. Chips mayai na pilau ya nyama ya mafuta zina tabia yake: mafuta huchelewesha tumbo, basi masaa mawili baadaye utaona namba nzuri ukafurahi, na masaa manne baadaye ikapanda.

Sasa ile 17 ya saa tisa. Wengi huilaumu kwa chakula cha mchana, lakini angalia soda kwanza. Chupa ya plastiki ya mililita 500 ina sukari zaidi ya gramu 50. Kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida, gramu 10 za sukari huinua kipimo kwa takriban 2. Ukiwa 3.1 ukanywa yote, soda peke yake inakupeleka 13, juu yake ini limeshamwaga sukari yake ya akiba kwa sababu ya mshtuko, kisha ugali. Sukari ikishuka mwili unadai kila kitu kilichopo jikoni, na ni vigumu kujizuia. Kwa hiyo weka kipimo mapema, kwenye mkoba, kabla hujatetemeka.

Kipimo ni gramu 15: vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa, umevikoroga kwenye nusu glasi ya maji, au mililita 150 za soda ya kawaida, yaani nusu ya chupa ya kioo ya 300. Soda isiyo na sukari haifai kitu hapa. Chokoleti, maziwa na chapati havifai pia kwa dharura, maana mafuta huvichelewesha. Kunywa, kaa chini, ngoja dakika 15, pima. Kama bado ni chini ya 4, rudia kipimo kilekile. Ikishavuka 4, na chakula kiko mbali kwa zaidi ya saa moja, kula kipande cha mkate au ndizi. Waambie walimu wenzako wawili: ukizimia wasikutie chochote mdomoni, wakulaze ubavu na wakukimbize kituo cha afya.

Na saa mbili na nusu ukikuta 16, usijichome nyongeza. Sindano ya saa kumi na mbili bado inafanya kazi kwa masaa mengine manne au zaidi, na Mixtard ya kuongeza itashuka juu yake kama debe la pili kichwani. Hii ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kuanguka mchana.

Kabla hujaamini namba yoyote, kagua vifaa. Kichupa cha Mixtard kikisimama, ile NPH hutuama chini. Kiviringishe kati ya viganja mara kumi, kigeuze juu chini mara kumi, hadi kiwe cheupe sawasawa kama maziwa, usikitikise kwa nguvu. Asiyekichanganya huvuta leo nyepesi nyingi na kesho nzito nyingi, kisha anashangaa chakula kilekile kinampa 9 leo na 16 kesho. Ukiona mabonge au chembe zilizoganda kwenye kioo hata baada ya kuchanganya, kitupe.

Sindano nayo isomwe vizuri. Kwenye sindano ya mililita 0.5 kila mstari mdogo ni uniti 1. Kwenye ile ya mililita 1 kwa kawaida kila mstari ni uniti 2. Mtu aliyezoea ya kwanza akapewa ya pili, akahesabu mistari 22, amejichoma 44. Iandikwe U-100, ambayo kwa kawaida kifuniko chake ni cha rangi ya machungwa. Zipo za U-40 zenye kifuniko chekundu. Ukipimia insulini ya U-100 kwa hiyo unapata mara mbili na nusu ya ulichokusudia.

Pitisha vidole tumboni na mapajani ukiwa umelala. Ukisikia sehemu nene, laini kama sponji au ngumu kama mpira, hapo ndipo umekuwa ukichoma siku zote. Insulini ikiingia kwenye uvimbe huo hukwama, hutoka inapojisikia, na hakuna hesabu ya wanga itakayokusaidia. Paache kwa miezi kadhaa. Asubuhi choma tumboni, vidole vitatu mbali na kitovu, kwa sababu tumbo hunyonya haraka kuliko paja, na kila siku sogea upana wa kidole kutoka ulipochoma jana. Tahadhari: ukihama kutoka kwenye uvimbe kwenda kwenye ngozi nzima, uniti 22 zilezile zinaweza kukushusha vibaya, kwa kuwa safari hii zote zinafika. Wiki hiyo pima zaidi, na kama uvimbe ni mkubwa mpigie mhudumu wako wa kliniki kabla ya kuhama.

Joto la Tanga linaogopwa kuliko inavyostahili. Kichupa kisichofunguliwa kinataka friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu inayogandisha. Insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Kinachotumika kinaweza kukaa nje ya friji wiki nne kikiwa kivulini. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha vipimo vya insulini iliyowekwa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama lile walilolikuta kambini Dagahaley, Kenya. Baada ya wiki nne haikuwa imepoteza nguvu ya kutia wasiwasi. Mtungi wa udongo ndani ya mtungi mkubwa, mchanga wenye maji katikati na kitambaa kibichi juu, unatosha. Kinachoiua ni jua la dirishani na kule mbele ya dashibodi ya daladala. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000. Kwa uniti 36 kwa siku kinakwisha karibu siku ya 28, kwa hiyo kwako wewe kikivuka mwezi ujue kuna dozi zilizorukwa.

Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia, ni ghali, kwa hiyo zitumike kwa mpango. Siku tatu za kwanza pima mara tatu: kabla ya sindano ya asubuhi, masaa mawili baada ya kuanza kula, na saa tano na nusu. Siku mbili zinazofuata pima kabla ya sindano ya jioni na wakati wa kulala. Usiku mmoja amka saa tisa upime. Ni stripu 14 jumla. Lengo ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula na chini ya 10 masaa mawili baadaye, kwa watu wazima wengi. Saa ya sindano na mgawanyo wa chakula huenda pamoja; zaidi ya hapo badilisha kitu kimoja, kikae siku tatu, ndipo uhukumu. Siku moja haisemi kitu, hasa zile siku chache kabla ya hedhi ambapo kwa wanawake wengi sukari hupanda bila kosa la mtu. Kuhusu ile ya saa tisa usiku: NPH ya jioni hupiga kilele kuanzia usiku wa manane, na 7 nzuri ya asubuhi inaweza kuwa imepitia 3 usiku. Shuka lililolowa jasho au kuamka na kichwa kizito ni dalili. Jioni kanuni ni ileile: nusu saa, na ukijua chakula cha usiku kitakuwa saa tatu, usijichome saa moja.

Kwa kuwa unashuka chini ya 4 mara kwa mara, wapelekee kliniki habari hii wiki hii, usingoje tarehe ya kadi. Kama baada ya siku tatu za ratiba mpya saa tano na nusu bado inaonyesha chini ya 4, kawaida ni dozi ya asubuhi kupunguzwa kwa asilimia 10 hadi 20, kwako ni kama uniti 2 hadi 4, nao ndio watakaokuambia ngapi. Kuna hali moja ambayo ratiba hii haitairekebisha: mtu mwenye kisukari cha miaka mingi ambaye tumbo lake limekuwa zito kushusha chakula, anashuka mara tu baada ya kula na kupanda masaa mengi baadaye. Kwake kusubiri nusu saa ni hatari. Ukijiona hivyo, sema. Na ukikuta 15 na zaidi huku unatapika, tumbo linauma au unahema kwa kina, nenda hospitali siku hiyohiyo. Insulini isikatwe hata kama huli.

Wakati uko kliniki, uliza jambo hili: je, naweza kupewa Actrapid na Insulatard kwenye vichupa tofauti? Hapo ndipo utapata uhuru ambao Mixtard haitoi. Uniti zako 22 zinakuwa 7 na 15, na zinaingia kwenye sindano moja: tia hewa ya uniti 15 kwenye kichupa cha ukungu bila kuvuta dawa, tia hewa ya uniti 7 kwenye kile angavu na uvute 7, kisha rudi kwenye cha ukungu uvute hadi mstari wa 22. Angavu kwanza, siku zote, ili NPH isichafue kichupa cha Actrapid. Kuanzia hapo, baada ya chai kukiwa juu, inaguswa Actrapid peke yake, uniti moja moja. Saa sita kukiwa chini, inapunguzwa Insulatard peke yake. Nenda na daftari la zile stripu 14, kwa sababu daktari asiyeziona atakuandikia dozi kwa kipimo kimoja cha asubuhi, na cha asubuhi kwako ndicho kizuri.